Usaili wa kwanza wa kazi ya duka Tanga: maswali ambayo vijana huuliza mara kwa mara

Mtihani wa kidato cha nne ukimalizika Novemba, vijana wengi wa Tanga hujikuta na miezi mingi ya kukaa nyumbani. Matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti karibu na Julai. Hapo katikati ndipo wengi hutafuta kazi ya kwanza, na mara nyingi kazi hiyo ni ya duka. Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayorudiwa na vijana hao, na mengine huulizwa na wazazi wao.

Jambo moja limepita katika majibu yote. Mwenye duka anayekusaili anajua wazi kwamba hujawahi kufanya kazi. Anachotaka kujua ni kama anaweza kukuacha na droo ya pesa na wateja wake, akaenda kuswali au kufuata mzigo, na akirudi akute mambo yako sawa.

## Kabla hujaomba

Nina miaka 16. Naruhusiwa kufanya kazi dukani?

Ndiyo, kwa masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaweza kupewa kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomkosesha shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza kwamba aliye chini ya miaka 18 asifanyishwe kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Kwa duka, maana yake ni hii: kupanga bidhaa, kupima, kufungasha, kuhudumia wateja na kupokea pesa ni kazi unazoweza kufanya. Kushusha magunia ya mchele kutwa nzima hakuwezi kuitwa kazi nyepesi, na duka linalofungwa saa 4 usiku likutoe mapema. Kama bado unasoma, tafuta kazi ya Jumamosi au ya likizo. Mwajiri anayekwambia “shule utaenda ukipata nafasi” muage kwa adabu uondoke.

Kazi zenyewe zinapatikana wapi?

Nyingi hazitangazwi. Mtu humwambia mtu, au hubandikwa karatasi mlangoni: “Anahitajika kijana wa duka.” Zunguka Ngamiani kwa mpangilio, barabara kwa barabara kufuata namba zake, kisha Makorora, Chumbageni na maduka yaliyozunguka Soko la Mgandini. Nenda katikati ya asubuhi, siku za kazi. Jumamosi mwenye duka hana muda wa kukusikiliza, na ukimkatiza akiwa na foleni ya wateja umeshaanza vibaya.

Angalia na msimu. Maduka ya sare, viatu vya shule na madaftari huelemewa Desemba na mwanzo wa Januari. Ya nguo huhitaji mikono Ramadhani inapoelekea ukingoni, watu wakitafuta nguo za Idi. Ukiomba majuma matatu kabla ya msimu unakuwa umewahi. Msimu ukishaanza, nafasi huwa zimeshapewa wapwa na binamu wa wenye maduka.

Sina kitambulisho cha NIDA kwa sababu sijafika miaka 18. Nitajitambulisha na nini?

Na cheti cha kuzaliwa, pamoja na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa unapoishi. Ifuate barua hiyo siku chache kabla, maana mtendaji unaweza kumkosa siku ya kwanza. Wengi watataka pia mdhamini, mtu mzima anayekufahamu na yuko tayari kupigiwa simu. Toa nakala mbili za kila karatasi. Cheti halisi kionyeshe, kisha urudi nacho nyumbani. Usimwachie mtu yeyote cheti chako “kama dhamana”.

Sijawahi kuajiriwa. Kwenye wasifu niandike nini?

Ukurasa mmoja unatosha: jina, mtaa, namba ya simu inayopatikana, shule na mwaka uliomaliza, shughuli ulizofanya, na wadhamini wawili.

Kwenye shughuli ndipo vijana hukwama, na huku wanayo mengi ya kusema. Kama umekuwa ukimuuzia mama maandazi au vitumbua kila asubuhi, hiyo ni kazi ya mauzo. Andika: “Nimemsaidia mama kuuza vitafunwa, nilipokea pesa, nilitoa chenji na kuandika waliokopa.” Kama uliwahi kutunza michango ya darasa, kusimamia vitabu vya madrasa, au kukusanya ada za kwaya, andika hivyo hivyo. Mwenye duka akisoma kwamba uliwahi kushika pesa za wengine na hazikupotea, ameshapata alichokuwa akikitafuta.

Usitunge kazi ambayo hukuifanya. Tanga watu wanajuana. Duka utakalolitaja, huenda mwenyewe ameswali pamoja na anayekusaili Ijumaa iliyopita.

Mdhamini mmoja awe mwalimu. Mama na baba wasiwe wadhamini. Kila mwajiri anajua watakusifu.

## Mavazi, saa na salamu

Nivae nini?

Nguo safi, iliyopigwa pasi, inayokuwezesha kuinama na kunyoosha mkono juu ya shelfu bila kujivutavuta. Kwa mvulana, suruali ya kitambaa na shati la mikono. Kwa msichana, gauni au sketi ndefu, au suruali ya heshima. Viatu vya kufunika vidole. Hakuna haja ya kukodi suti. Kwenye duka la vyombo Barabara ya 12 suti itamshangaza mwenye duka.

Mikono wanaitazama kuliko unavyodhani, hasa duka la vyakula, kwa hiyo kata kucha. Joto la Januari nalo ni kali: ukitembea kutoka Kange hadi mjini utafika umelowa jasho. Toka mapema, panda daladala au bajaji ukiweza, na ubebe leso. Ukija na baiskeli, shuka kidogo kabla ya duka, jifute, ndipo uingie.

Navaa hijabu. Naweza kunyimwa kazi?

Hapa Tanga si jambo la ajabu, utakuta wauzaji wengi wamejistiri. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, niliyoitaja kwenye swali la kwanza, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini, jinsia, kabila na mengineyo, na katazo hilo linamlinda hata anayeomba kazi. Kama duka lina sare, uliza kwa utulivu: “Naweza kuvaa shungi la rangi ya sare?” Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Nifike saa ngapi?

Robo saa kabla. Ukitumiwa ujumbe ulioandikwa “njoo saa 9”, usikisie. Jibu: “Asante, nitafika. Ni saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri?” Kuna vijana waliokosa kazi kwa kufika wakiwa wamechelewa kwa muda wa saa sita.

Siku moja kabla, nenda ukalione duka. Simama ng’ambo ya barabara dakika kumi. Wanauza nini hasa? Wateja ni wa jumla au wa rejareja? Bei zimebandikwa au zinatajwa kwa mdomo? Utapata la kusema utakapoulizwa kwa nini umeichagua kazi yao.

Nimsalimieje anayenisaili?

Kama unavyomsalimia mkubwa yeyote: “Shikamoo mzee,” “Shikamoo mama.” Akianza yeye na “Salaam aleikum,” muitikie kikamilifu, kisha mpe shikamoo yake. Kama ni kijana aliyekupita miaka michache tu, “Habari za kazi, kaka” inatosha. Wasalimie pia wauzaji utakaowakuta mlangoni. Ukishaondoka, bosi huwauliza: “Mmemwonaje yule?” Aliyempita dada wa kaunta kana kwamba hamwoni huwa ameshajibiwa hapo.

Keti ukikaribishwa. Simu izime kabisa, maana hata mtetemo mfukoni unasikika kwenye ofisi ndogo ya stoo.

## Ndani ya usaili

Wataniuliza nini?

Hubadilika kidogo tu. Andaa majibu ya haya, uyaseme kwa sauti nyumbani mbele ya mtu:

“Jieleze.” Wanataka jina, unapoishi na nani, umemaliza wapi, na kwa nini unatafuta kazi. Dakika moja. Historia ya ukoo haihitajiki.

“Kwa nini hapa?” Usijibu “nahitaji pesa” peke yake, ingawa ni kweli na hakuna aibu. Ongeza ulichokiona: “Nimeona mnauza jumla na rejareja, nataka kujifunza namna mzigo unavyoingia na kutoka.”

“Mteja amekasirika, anasema jana umemuuzia unga wenye wadudu. Utafanyaje?” Jibu zuri lina hatua: nitamsikiliza bila kumkatiza, nitampa pole, nitaangalia mfuko na risiti, kisha nitamwita msimamizi, kwa sababu kurudisha pesa si uamuzi wangu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wanayoingojea. Kijana anayeahidi kurudisha pesa papo hapo anamtisha mwenye duka kama yule anayeahidi kubishana.

“Rafiki yako amekuja, anataka umpunguzie.” Hapa sema wazi kwamba bei ni ya duka. “Nitamwambia amuombe bosi.” Swali la kukopesha jirani lina jibu hilo hilo.

“Ukiwa huna mteja utafanya nini?” Wengi hujibu “nitasubiri”. Hilo ni kosa, duka halikosi kazi. Futa vumbi, jaza shelfu, angalia tarehe za kuisha muda, vuta mbele bidhaa zilizoingia zamani ili ziuzwe kwanza. Ukiyataja mawili kati ya hayo, umemwonyesha kwamba unaijua kazi kabla hujaianza.

Nimesikia hupewa jaribio la hesabu. Likoje?

Ni la kawaida sana, na linaweza kukujia bila taarifa. Unapewa bidhaa na noti, unaambiwa: “Mimi mteja, nihudumie.” Tuseme sukari ni 2,800 kwa kilo, anataka kilo moja na nusu, na mche wa sabuni wa 3,500. Anakupa noti ya 10,000.

Sukari ni 2,800 na nusu yake 1,400, jumla 4,200. Ukiongeza sabuni, 7,700. Taja jumla kwa sauti: “Elfu saba na mia saba, mama.” Pokea noti, itaje nayo: “Nimepokea elfu kumi.” Usiitupe kwenye droo. Iache juu ya kaunta, mbele ya macho yenu wote, mpaka chenji imekwisha kupokelewa. Kisha hesabu kwa kupanda: mpe sarafu ya 200 na ya 100 ukisema “elfu nane,” halafu noti ya 2,000 ukisema “elfu kumi.” Chenji ni 2,300, na hukuhitaji kutoa chochote kichwani. Ndipo noti iingie droo.

Ile noti kubaki kaunta ndiyo inayomaliza ubishi wa “nilikupa kumi wewe unasema tano,” na mwenye duka akikuona unafanya hivyo bila kuambiwa, atajua umelelewa karibu na biashara. Anaweza kukutega kidogo kwa kukupa 10,700 badala ya 10,000. Tulia: anataka umrudishie 3,000 kamili ili sarafu zisimjae mfukoni.

Fanya mazoezi nyumbani kwa pesa halisi na mtu wa kukuharakisha. Ukikosea siku yenyewe, sema “samahani, naomba nirudie,” na urudie. Anayerudia kwa utulivu anafaa kuliko anayebahatisha haraka.

Wanaweza pia kukuuliza kuhusu malipo ya simu. Kanuni ni moja: mzigo hautoki mpaka ujumbe wa malipo uingie kwenye simu ya duka. Ujumbe ulioko kwenye simu ya mteja hauthibitishi kitu. Kuhusu risiti, wateja wengi wameshazoea kuidai ile ya mashine ya EFD, na duka lenye mashine hiyo linapaswa kuitoa kila linapouza.

Nikiulizwa nataka mshahara kiasi gani?

Uliza kwanza wengine mtaani wanaofanya kazi kama hiyo. Unaweza kujibu: “Ningependa kujua duka linalipaje anayeanza, na saa za kazi ni ngapi.” Mshahara na saa huenda pamoja. Kiasi kinachoonekana kikubwa kwa saa 12 kwa siku, bila siku ya mapumziko, ni kidogo. Kwa sheria, saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kila wiki kuna siku ya kupumzika. Serikali pia hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta binafsi. Ofisi ya Kazi ya mkoa itakuambia kilichopo sasa kwa maduka.

Uliza pia kuhusu chakula cha mchana na nauli. Kwa anayetoka Pongwe au Mabokweni, nauli ya kila siku inaweza kula sehemu kubwa ya mshahara, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla hujasema ndiyo.

Nikichaguliwa kidato cha tano nitaondoka Julai. Niseme au ninyamaze?

Sema. Ni swali linalowasumbua vijana kuliko yote, na wapo watu wazima wanaowashauri wanyamaze. Siafikiani nao hata kidogo. Mwenye duka akikufundisha bei, akakukabidhi funguo, kisha ukaondoka kwa ujumbe wa simu, atakayelipia ni mdogo wako atakayekwenda kuomba mwakani.

Sema hivi: “Nasubiri matokeo. Nikichaguliwa nitaondoka Julai, nitakuarifu mwezi mmoja kabla, na nitamsaidia atakayeshika nafasi yangu.” Wapo watakaokukataa kwa hilo. Wapo watakaokupa kazi ya msimu kwa moyo mweupe, na likizo ya Desemba wakakuita tena.

Kiingereza kinahitajika?

Maduka mengi, hapana. Usaili ni Kiswahili kitupu. Supamaketi na maduka yanayopata wageni wanaweza kukuuliza sentensi mbili tatu. Jibu unachokiweza, usichanganye maneno ili kujionyesha.

Nina aibu, sauti inaniisha.

Walioajiriwa wakiwa na aibu ni wengi. Kinachosaidia ni mazoezi ya sauti, si kujikaza kimya kimya. Wiki nzima kabla ya usaili, jitolee wewe kwenda sokoni, na umuulize kila muuzaji bei ukimtazama usoni. Siku yenyewe vuta pumzi kabla ya kila jibu. Na ukikwama, sema: “Naomba nifikirie kidogo.” Hakuna mwenye duka mwenye utu atakayekunyima sekunde tano.

## Mambo magumu

Wameniambia pesa ikipungua kwenye droo nitakatwa. Ni halali?

Hiyo ndiyo shoti, na ni vizuri iulizwe kabla ya kuanza. Sheria haimruhusu mwajiri kukata tu anavyotaka. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lako ukiwa kazini, uwe ulikubali kwa maandishi kabla, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara wako.

Kwenye usaili uliza kwa upole: “Droo inashikwa na watu wangapi?” Kama mnaishika wanne na mnakatwa wote, fikiri mara mbili. Kama ni wewe peke yako, omba ihesabiwe mbele yako asubuhi na jioni, na iandikwe. Daftari dogo la kwako mwenyewe litakuokoa.

Wanataka nifanye majaribio bila malipo.

Saa chache za kukuangalia ni sawa. Wiki nzima ya kuuza kutoka asubuhi hadi jioni ni kazi, na kazi hulipwa. Uliza majaribio ni ya siku ngapi na malipo yake ni kiasi gani, mzazi au mdhamini wako akiwa anajua.

Nimeambiwa nitoe pesa ya fomu au ya sare kwanza.

Usitoe. Mwenye kazi ya kweli hakuuzii kazi. Wanaojifanya mawakala na kutaka “elfu kumi ya kukuunganisha” hutoweka na namba zao.

Anayenisaili anataka tuonane usiku, au mahali pengine mbali na duka.

Usaili wa duka hufanyika dukani, mchana. Akikuita gesti, nyumbani kwake, au “tutembee kidogo kwenye gari,” usiende, hata kama kazi unaihitaji sana. Akidokeza kwamba kazi ina bei ya mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Aliye chini ya miaka 18 anaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Hifadhi ujumbe aliokutumia. Na mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo; hujamkosea mtu kwa kusema, na wavulana nao hukutwa na haya.

Kwa sababu hiyo, kila unapokwenda usaili mwachie mtu nyumbani jina la duka, mahali lilipo na saa unayotarajia kurudi.

Niombe mkataba kwa duka dogo kama hili?

Omba maelezo ya maandishi, hata karatasi moja: kazi yako, saa, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe ya kulipwa. Sheria inamtaka mwajiri ayatoe. Unaweza kusema, “Mzee wangu nyumbani ameomba aone makubaliano yetu.” Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi aisome kabla hujaweka sahihi. Ukipata mgogoro baadaye, kama wa shoti uliotajwa juu, karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo Ofisi ya Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Walisema “tutakupigia” na wiki imepita.

Pitia dukani mwenyewe, asubuhi, kusiwe na wateja. “Shikamoo mama. Nilikuja kwa usaili Jumanne iliyopita, nimepita kuuliza kama mmeshaamua.” Akisema nafasi imejazwa, mshukuru na uulize: “Kuna jambo ungependa nilirekebishe?” Wengi watakujibu kwa ukweli, na jibu hilo uende nalo duka linalofuata. Muachie namba yako tena, imeandikwa wazi kwenye karatasi safi. Aliyechukuliwa badala yako anaweza asimalize mwezi.